Vidole vya Chupa ya Sabuni

Baba yangu ni fundi bati wa Kamukunji, Nairobi, na kidole chake cha shahada cha mkono wa kushoto kinaishia kwenye kiungo cha kwanza. Mkasi ulikikata mwaka niliozaliwa. Alifunga kitambaa, akamalizia sanduku alilokuwa anatengeneza, maana shule zilikuwa zinafunguliwa kesho yake na mwenye sanduku amesimama mlangoni. Hivyo ndivyo anavyosimulia yeye. Mama anasema alizimia.

Kwa hiyo nilipokuwa kidato cha tatu na rafiki yangu akaniambia kuna Mwingereza mpiga gitaa aliyekatwa vidole kwenye kiwanda cha bati na bado anapiga, habari hiyo iliniingia. Jina lake Tony Iommi, wa kundi la Black Sabbath. Mwezi wa kumi 2025 nilipokwenda London kumwona dada yangu, nilimwambia mapema kwamba siku moja naitoroka nyumba yake niende Birmingham.

"Birmingham kuna nini?" akaniuliza. Yeye mji ule anaujua kwa mkimbiaji wetu Omanyala tu. Agosti 2022, katika uwanja wa Alexander, Omanyala alishinda mita 100 kwa sekunde 10.02, dhahabu ambayo Mkenya hakuwa ameigusa kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola tangu Seraphino Antao mwaka 1962, enzi za yadi. Nikamkumbusha kwamba siku chache baadaye, michezo ikifungwa uwanjani hapohapo, Ozzy Osbourne, mwimbaji wa Black Sabbath, alitokea jukwaani akiimba, na pembeni yake mzee wa masharubu ameshika gitaa. "Yule mzee," nikamwambia. Hakumkumbuka.

Treni yangu kutoka Euston ilitangazwa kuchelewa dakika 20, kisha 40, kisha ikafutwa kabisa. Tulibanana kwenye iliyofuata, mimi nimesimama karibu na mlango wa choo hadi Coventry. Nilifika New Street, stesheni kuu ya Birmingham, miguu imekufa ganzi, na kitu cha kwanza kilichonikabili ni fahali wa chuma mwenye urefu wa mita 10, yule wa sherehe za ufunguzi wa michezo ile ya 2022. Wananchi walipiga kura wakamwita Ozzy. Watoto walikuwa wanasubiri atikise kichwa.

Sikukaa. Nilipanda treni ndogo hadi Witton, vituo vichache tu, nikashuka karibu na uwanja wa Villa Park. Hapo ndipo tarehe 5 Julai 2025 wale wanne wa mwanzo, Iommi, Ozzy, Geezer Butler na Bill Ward, walipiga pamoja kwa mara ya mwisho. Ozzy aliimba ameketi kwenye kiti cha enzi. Tarehe 22 mwezi huohuo akafariki. Nilizunguka geti lililofungwa, nikapiga picha ya matofali mekundu, nikaanza kutembea kuelekea Park Lane, ambako wazazi wa Iommi walikuwa na duka.

Wote wanne ni watoto wa mtaa huu, Aston. Nilitarajia kuona moshi, sijui kwa nini. Nilichoona ni barabara kuu inayopita juu kwa juu, nyumba mpya zilizojengwa palipobomolewa za zamani, na maduka ya nyama ya halali. Mwanamume mmoja alikuwa anashusha mifuko ya vitunguu. Duka lao sikulitafuta. Niliketi kwenye ukuta mfupi, nikanywa chai ya kununua, nikaipitia ile hadithi upya, kwa kuwa hapa ndipo ilipotokea.

Ilikuwa 1965, Iommi ana miaka 17, anafanya kazi ya kuchomelea kiwandani. Siku yenyewe ilikuwa ya mwisho. Alishapata kundi la kwenda nalo Ujerumani. Mchana alikwenda nyumbani kula, akamwambia mama yake harudi tena. Mama akamkatalia: nenda ukamalize kazi yako vizuri. Akarudi. Mwenzake wa kwenye mashine ya kukandamiza bati hakuwa amefika, wakamweka yeye, ambaye hakuwa ameizoea. Ikamshukia kwenye kidole cha kati na cha pete vya mkono wa kulia. Akauvuta mkono kwa mshtuko, ncha zikabaki kule. Na huyu ni mtu wa shoto: mkono wa kulia ndio unaobana nyuzi.

Madaktari walimwambia asahau gitaa. Msimamizi wake kiwandani ndiye aliyemletea sahani ya santuri, akamlazimisha kuisikiliza: ilikuwa ya mpiga gitaa Django Reinhardt, ambaye mkono wake uliungua kwa moto mwaka 1928 akawa anapiga solo kwa vidole viwili.

Watu hupenda kusema ajali ile ndiyo iliyozaa muziki huu mzito wa hevi metali. Mimi naona wanampunja fundi. Kijana yule alichukua chupa ya plastiki ya sabuni ya kuoshea vyombo, akaiyeyusha ikawa donge, akalitoboa kwa chuma cha moto cha lehemu hadi kidole kikaingia, akalipiga msasa siku nyingi likapata umbo la ncha ya kidole. Plastiki iliteleza kwenye nyuzi, akakata vipande vya jaketi kuukuu la ngozi akavigundisha juu. Nyuzi za kawaida zikawa zinamuumiza. Seti nyepesi hazikuuzwa, akachanganya na nyuzi za banjo. Baadaye, kuanzia albamu ya tatu ya mwaka 1971, akalegeza gitaa zima kwa nusu toni tatu, nyuzi zikalainika na sauti ikashuka ikawa nzito kama gari la mchanga. Vidole visivyohisi haviwezi kuchezacheza sana, basi akabana nyuzi mbili tatu kwa pamoja na kuziacha zingurume. Kamukunji wanaijua kazi ya namna hiyo. Hawajawahi kuipa jina la muziki tu.

Albamu ya kwanza waliirekodi London kwa siku moja, Oktoba 1969. Gitaa alilolitegemea liliharibika katikati ya kazi, akachukua Gibson SG aliyokuwa ameiweka ya akiba, na tangu hapo hiyo ndiyo ikawa sura yake. Ilitoka Ijumaa, 13 Februari 1970. Wahakiki waliiponda, ikapanda hadi namba 8 Uingereza. Miaka mingi iliyofuata waimbaji walikuja na kuondoka, wapiga ngoma nao vilevile, akabaki yeye tu. Mwaka 2012 aligundulika na saratani ya limfu, na bado alitibiwa huku akizunguka na kundi.

Jua lilikuwa linazama nilipofika kwenye benchi la kundi lile. Ni benchi la chuma, limebeba nyuso zao wanne, majina yao, na maneno kwamba wametengenezwa Birmingham mwaka 1968, kama vile ni birika. Nikaketi upande wa Tony na kumpigia Baba kwa video.

Alikuwa kibandani, nyundo zinagonga kila upande. Nikamwekea mwanzo wa wimbo ule wenye jina la kundi: mvua, kengele, kisha noti tatu za gitaa.

"Hao wanapiga bati," akasema.

Nikamweleza habari ya mashine, mama yake, mwenzake ambaye hakufika. Alisikiliza huku akikikuna kile kidole kifupi bila kujijua.

"Siku ya mwisho?"

"Ya mwisho, Mzee."

"Aah! Siku ya mwisho mtu hashiki mashine. Anafagia, anaaga wenzake, anaenda." Akageuka kumfokea kijana wake aliyekuwa anakunja ukingo vibaya, akarudi kwenye simu. "Na hapo ulipo, bati la geji 28 wanauza pesa ngapi?"