Nilivyopata nyumba ya kupanga nikiwa natumia kitimwendo

Tangu nilipoumia uti wa mgongo natumia kitimwendo, na hapa Dar es Salaam nimenyimwa nyumba mara nyingi bila mtu yeyote kutamka neno ulemavu. Dalali hunihakikishia kwa simu kwamba chumba na sebule kipo wazi, lakini nikishaonekana getini ninaambiwa kimechukuliwa jana. Mama mmoja mwenye nyumba kule Tabata angalau alisema lililo moyoni mwake: “Mwanangu, sina ubaya na wewe, ila ukianguka humu ndani nitauweka wapi uso wangu?” Alisema kwa huruma, lakini huruma ile haikunipa pa kulala.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, inakataza ubaguzi, na mwaka uliotangulia Tanzania ilikuwa imeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Hata hivyo, Ibara ya 13(5) ya Katiba, inapofafanua maana ya kubagua, inataja utaifa, kabila, mahali mtu alipotoka, maoni ya kisiasa, rangi, dini, jinsia na hali ya maisha. Ulemavu haumo katika orodha hiyo, jambo ambalo naona ni upungufu mkubwa. Tena ni vigumu mno kuthibitisha ubaguzi wakati sababu uliyopewa ni kwamba chumba kimeshachukuliwa.

Kwa hiyo niliamua kumweleza dalali hali yangu mapema, pamoja na vipimo. Mlango wa choo usipungue sentimita 80, kwa kuwa kiti changu kina upana wa karibu 65 na mikono inayosukuma magurudumu inahitaji nafasi. Choo kiwe cha kukaa. Na ngazi za kuingilia zihesabiwe kabla sijalipa hela ya kuonyeshwa nyumba. Madalali waliositasita niliachana nao. Mmoja alikubali, akaenda na futi kamba, akanitumia picha za mlango akiwa ameishikilia futi kwenye fremu.

Nyumba aliyoipata ilikuwa na ngazi moja tu kibarazani, yenye kimo cha sentimita 15. Mzee mwenye nyumba alikuwa na hofu mbili: kwamba ningemharibia jengo, na kwamba nikiumia lawama ingemwangukia yeye. Sikumbishia, nilimwomba tuziandike hofu zake katika mkataba wa pango na kuzijibu humo humo. Tulikubaliana kwamba mteremko ningejenga kwa gharama yangu na ungebaki pale nikihama, kwamba gharama ya kupanua mlango wa bafuni ingekatwa kwenye kodi, kwamba kodi isingepandishwa kwa sababu ya matengenezo hayo, na kwamba ulemavu wangu usingekuwa sababu ya kunitoa. Alikuwa anataka kodi ya mwaka mzima, lakini akapokea ya miezi sita, nasi tukasaini mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa.

Kazi ya mteremko niliisimamia mwenyewe, kwa sababu nimekutana na miteremko mingi iliyojengwa kwa nia njema ambayo haipandiki. Kila sentimita moja ya kimo inahitaji sentimita 12 za urefu, hivyo ngazi ile ilihitaji mteremko wa mita 1.8. Fundi alitaka kuusakafia kwa niru ili ung’ae. Nilimsihi aukwaruze kwa fagio la chelewa kabla saruji haijakauka, magurudumu yasije yakateleza wakati wa mvua, na ajenge kingo ndogo pande zote mbili.

Bado siridhiki kwamba mpangaji mwenye ulemavu alipie mwenyewe njia ya kuingilia nyumba ambayo wapangaji wengine wanaingia bila gharama hiyo. Mkataba wetu unakaribia kuhuishwa, na nimeshamwandikia mzee kwamba safari hii vishikio vya chooni viwe kwa gharama yake.