Kwa treni kutoka Houston hadi Los Angeles, nikiwa na jezi ya Astros

Treni ya Sunset Limited hupita Houston mara tatu tu kwa wiki, ikitoka New Orleans kwenda Los Angeles. Mwenye haraka haipandi. Inakula usiku mzima, mchana kutwa, kisha usiku mwingine tena, wakati ndege ingekufikisha kabla njaa haijakuuma. Niliichagua makusudi. Nilitaka kukaa na mashabiki wa besiboli kwa muda mrefu, bila mtu kukimbilia kwake, kwa sababu nilikuwa naenda kuishangilia timu yangu, Houston Astros, katika mji unaotudai tangu 2017, mwaka tulipowafunga Dodgers wa Los Angeles kwenye fainali. Ilikuwa Jumatano, tarehe 2 Julai 2025. Mechi ya kwanza na Dodgers ilikuwa Ijumaa tarehe 4, sikukuu ya uhuru wa Marekani.

Watu wa nyumbani Dar huniuliza besiboli nimeitoa wapi. Uwanja wa besiboli upo hata Dar, pale Azania Sekondari, uliojengwa kwa msaada wa Wajapani na kupewa jina la Koshien, lakini mimi mchezo huu umenipata Houston, kazini ghalani, zamu ya jioni, redio ikitangaza huku tunapanga maboksi. Kwanza ilikuwa kelele. Baadaye nikaanza kumuuliza jirani yangu kwa nini mtu kashangilia, na tangu siku hizo sijatoka.

Kituo cha Houston ni kidogo mno kwa jiji kubwa namna ile. Tuliondoka karibu saa moja jioni, jua bado lipo, na tulipoipita Rosenberg nikahamia kwenye behewa la vioo, ambalo viti vyake vinatazama nje. Hapo nilimkuta mwalimu mstaafu na mkewe, wote na kofia za Astros, wakienda kuwaona wajukuu California. Mbele yao alikaa kijana aliyepandia New Orleans, kofia yake ya buluu, ya Dodgers. Mwalimu aliitazama jezi yangu ya rangi ya chungwa, akanisogezea kiti. "Karibu mwanangu. Huyu ni adui, lakini simu yake ina mechi."

Mechi yenyewe ilikuwa Dodgers na Chicago White Sox, na wote walikuwa wanamtazama mtu mmoja: Clayton Kershaw, mrushaji wa Dodgers wa mkono wa kushoto, ambaye usiku ule alibakiza wapigaji watatu tu afikishe 3,000 aliowatoa kwa straiki tatu, yaani mipira halali ambayo mpigaji ameikosa au ameiacha ipite. Kabla yake, katika historia yote ya ligi kuu, waliofika hapo walikuwa 19. Alifika zamu ya sita, kati ya tisa za mechi, akiwa anahitaji mmoja. Idadi ya mipira aliyorusha ilikuwa inaelekea 100, na kila mtu alijua kocha hatamwachia zamu ya saba. Halafu mwenzake Max Muncy akaumia goti kwenye besi ya tatu, kimoja cha vituo ambavyo mkimbiaji huvipita akitafuta pointi, mkimbiaji alipomteleza miguuni, uwanja ukanyamaza. Muncy alipotolewa, Kershaw akarudi kwenye kilima chake cha kurushia, akamrushia Vinny Capra mpira wa kupinda, ule wa 100. Capra akautazama tu ukipita. Straiki ya tatu.

Kijana aliruka mpaka akagonga meza. Mwalimu akasimama, akavua kofia ya Astros, akampa mkono. Mimi pia nikapiga makofi. Mrushaji wa namna hiyo unamheshimu hata kama ni wa wapinzani. Kijana alipokaa, macho yakiwa na machozi kabisa, akasema bila ukali: "Sasa niambieni. Yale mliyomfanyia mtu huyu 2017 mnayaonaje?"

Swali hilo nililitarajia Los Angeles. Lilinikuta kabla hata ya San Antonio.

Kwa wasioufuata mchezo huu: mrushaji na mdakaji wake hukubaliana kwa siri mpira gani utarushwa, wa kasi au wa kupinda. Zamani mdakaji alionyesha kwa vidole katikati ya mapaja. Mpigaji akijua mapema, kazi yake inakuwa nyepesi mno, maana mpira wa kasi unamfikia kwa chini ya nusu sekunde. Mkimbiaji aliyesimama besi ya pili akiziona ishara kwa macho yake na kumtonya mwenzake, hiyo ni ruksa, ndiyo ujanja wa mchezo. Kutumia mitambo ni marufuku. Astros wa 2017 walitumia kamera iliyokuwa nyuma kabisa ya uwanja, wakaweka skrini jirani na banda la wachezaji, na mtu aliyeisoma ishara alipiga pipa la taka kwa gongo. Pipa likilia, mpira wa kupinda au wa polepole unakuja. Likinyamaza, wa kasi.

Mwalimu aliuchukua ukimya wetu akaanza utetezi ambao kila shabiki wa Houston anaujua kwa moyo: mwaka ule timu ilishinda mechi 53 ugenini na 48 nyumbani, sasa pipa lilisaidia nini? Hoja hii siikubali, na nilimwambia hivyo kwa adabu, maana ni mtu mzima. Timu iliyokuwa nzuri kiasi hicho haikuwa na haja ya pipa, na bado ililipiga. Hilo ndilo linaloniuma. Mwizi mwenye njaa unaweza kumwelewa.

Kijana akatafuta kwenye simu video moja ya Septemba 2017, akaiweka katikati ya meza. Danny Farquhar wa White Sox anamrushia Evan Gattis wa Astros. Kila ishara ya mpira wa polepole inapotolewa, unasikia mlio hafifu, ko, ko, kama mtu anabisha hodi nyumba ya pili. Farquhar anasimama. Anashuka kilimani, anamwita mdakaji, wanabadilisha ishara. Anarudi. Kimya. Gattis anatoka kwa straiki. Ni dakika chache tu, na ukishaisikia hodi ile huwezi kurudi kutoisikia. Mke wa mwalimu, aliyekuwa kimya muda wote, aligonga meza kwa kifundo cha kidole mara mbili, polepole, akamtazama mumewe. Mzee akaacha habari ya 53 na 48.

Mtu ninayemheshimu kuliko wote katika kisa hiki si kamishna, mkuu wa ligi, wala mwandishi. Ni shabiki wa Astros anayeitwa Tony Adams. Mrushaji Mike Fiers, aliyekuwa kwenye timu ile, alipoyasema wazi Novemba 2019, mashabiki wengi wa Houston walimtukana. Adams alikaa chini, akasikiliza video za mechi 58 za nyumbani za 2017, mpira kwa mpira, zaidi ya mipira 8,000, na kuandika kila mlio aliousikia. Aliipata milio zaidi ya 1,100, akaiweka hadharani na majina ya wapigaji. Hakuna aliyemlipa wala kumlazimisha. Aliipenda timu, akataka kujua imefanya nini. José Altuve, mchezaji wa Astros ambaye ndiye anayezomewa kuliko wote hadi leo, alikuwa na milio michache sana katika hesabu ile, na hilo pia tumelijua kwa sababu Adams hakuficha chochote upande wowote.

Adhabu ilitoka Januari 2020. Kocha A.J. Hinch na meneja mkuu Jeff Luhnow walifungiwa mwaka mmoja, mwenye timu akawafukuza siku hiyo hiyo. Faini ilikuwa dola milioni 5, ikaongezwa kunyang'anywa nafasi za kuchagua chipukizi. Wachezaji, walioahidiwa kinga ili waseme ukweli, hawakuguswa hata mmoja. Kikombe kikabaki Houston. Naamini hapo ndipo kamishna Rob Manfred alipokosea: adhabu ambayo haikutolewa mezani imekuwa ikitolewa na majukwaa, mwaka baada ya mwaka, na majukwaa hayana kikomo cha kifungo.

San Antonio tulisimama saa nyingi usiku, wakaunganisha mabehewa yaliyotoka Chicago. Nililala kwenye kiti. Nilipoamka tulikuwa Texas nyingine kabisa, kavu, ya mawe na miiba, na baada ya Del Rio treni ikapunguza mwendo kuvuka mto Pecos juu ya daraja refu, maji yakiwa chini sana, ya kijani. Simu zilikufa. Ikabaki mazungumzo tu.

Mke wa mwalimu ana daftari la kuandika mechi kwa mkono, na akanifundisha alama zake tukielekea Alpine. Ni yeye aliyekuwa na msimamo mkali kuhusu sheria mpya. Ile ya kumweka mkimbiaji bure besi ya pili mechi inapozidi zamu tisa, anaichukia. Anasema hajui amwandikeje mtu aliyefika pale bila kupiga mpira. Lakini saa ya mrushaji, iliyoanza 2023, anaitetea kwa nguvu zote. Mrushaji ana sekunde 15 bila mkimbiaji, na 18 akiwa na mkimbiaji (mwaka wa kwanza zilikuwa 20). Mechi zilizokuwa zinapita saa tatu zimeshuka hadi kama saa mbili na dakika arobaini. Mumewe analilia mchezo wa zamani usio na saa. Mkewe akamjibu kwamba mchezo wa zamani, watu walikuwa wanajirekebisha glavu tu.

Mimi nilikuwa na la kuongeza, na bado nalishikilia. Kifaa ambacho mdakaji anabonyeza na mrushaji anasikia ndani ya kofia, kilichoingia 2022, ni mtoto wa pipa letu. Vidole havionyeshwi tena, kwa hiyo kamera haina cha kuiba. Na bila kifaa kile nadhani saa isingewezekana, kwa sababu mkimbiaji akiwa besi ya pili watu walikuwa wanapoteza muda mwingi kubadilisha ishara wakihofia kuibiwa. Kijana wa Dodgers alicheka akasema basi tuidai ligi shukrani. Nikamwambia hapana.

Tulizungumzia pia mitambo ya kuhakiki straiki, iliyokuwa imejaribiwa kwenye mechi za maandalizi ya msimu: mpigaji, mrushaji au mdakaji anagusa kichwa chake, kamera zinaamua, na kila timu ina nafasi mbili za kukata rufaa. Wote wanne tuliitaka. Septemba ligi ikaipitisha ianze 2026.

El Paso treni ilikaa vya kutosha kushuka. Kuna mama anauza burito kwenye jukwaa, za moto, zimefungwa kwa karatasi ya alumini. Uzio wa mpaka wa Mexico unauona karibu kabisa. Mtandao uliporudi simu zote zikalia pamoja, na habari ilikuwa moja: Luis Ortiz, mrushaji wa Cleveland Guardians, amewekwa kando kwa sababu ya uchunguzi wa kamari. Watu walikuwa wameweka pesa kwa wingi usio wa kawaida kwenye mipira miwili tu aliyorusha. Novemba waendesha mashtaka wa Brooklyn walimshtaki yeye na mwenzake Emmanuel Clase, na wote wawili wamekana.

Mzee aliikunja burito yake akairudisha kwenye karatasi. "Hii ni mbaya kuliko yetu," akasema. Kijana alibisha mpaka Lordsburg, lakini mimi nilikuwa upande wa mzee. Walioiba ishara walitaka kushinda, kwa njia haramu. Anayeuza mpira mmoja, kama kweli kuna aliyeuza, anamfanya kila anayetazama ajiulize kama anachokiona ni mchezo. Tangu Mahakama ya Juu ya Marekani ilipofungua milango ya kamari ya michezo mwaka 2018, matangazo yake yanatawala kila mechi, na unaweza kuwekea pesa mpira mmoja mmoja. Ligi inachukua fedha za kampuni hizo huku ikiwaonya wachezaji wasizisogelee. Sioni jinsi mambo hayo mawili yatakavyokaa nyumba moja kwa amani.

Tuliingia Los Angeles alfajiri ya Ijumaa. Shemeji yangu, mtu wa Mombasa aliyemuoa dada yangu, alikuwa ananisubiri Union Station chini ya dari lile refu, na kofia ya buluu kichwani. "Shemeji, karibu mji wa mabingwa. Hiyo jezi utaingia nayo kweli?"

Niliingia nayo. Tulipanda kilima cha Chavez Ravine, mahali ambapo familia za Wamarekani wenye asili ya Mexico zilihamishwa kwa lazima miaka ya 1950 kwa ahadi ya nyumba ambazo hazikujengwa, na uwanja ukafunguliwa 1962. Ni mzuri sana, niseme ukweli. Milima inaonekana nyuma, na jua la jioni linaugusa ukingo wa paa.

Altuve alipotoka kupiga, uwanja mzima ulisimama. Nimesikia kuzomewa Taifa, Simba na Yanga, lakini kule kuna utani ndani yake. Huku hakuna utani. Bibi aliyekaa mbele yangu, mwenye umri wa mama yangu, alipaza sauti neno "mwizi" mpaka akakohoa. Altuve alijibu kwa gongo: mara mbili mpira ulitoka nje ya uwanja. Astros walishinda 18 kwa 1. Watu walianza kuondoka fataki zikiwa hazijarushwa, na wengine waliopita karibu yangu walinipa mkono.

Kwenye maegesho, foleni ikiwa haisogei, shemeji alinigeukia. "Kumi na nane, na leo hakuna pipa."

"Leo hakuna."

"Na 2017, mngechukua bila pipa?"

"Shemeji, sijui. Hata Altuve hajui. Hakuna atakayejua tena."

Hakunibishia. Akauliza kama kesho nitavaa jezi ile ile, nikamwambia ndiyo. Jumamosi Astros walishinda tena, na Jumapili tena, na kuzomea hakukupungua hata siku moja.