Mjadala wa darasa kwenye WhatsApp: tulivyozuia majibu ya "sawa" tu

Wanafunzi 40, kundi moja, swali moja: kwa nini Kilwa ilistawi? Dakika kumi tu, ujumbe umepishana, wachapaji wepesi watatu wametawala, wengine wanaandika "sawa". Chanzo si uvivu. Kwenye soga hakuna anayesubiri zamu, na anayechapa polepole humaliza sentensi mada ikiwa imeshahama.

Dawa: makundi 10 ya watu wanne. Wakiwa sita, wawili hujificha tena. Dakika tano za kwanza kila mmoja aandike hoja yake bila kuituma. Mwalimu akisema "tuma", zote ziingie pamoja. Hapo mwepesi hana faida.

Baadaye, kujibu ni kwa kuburuta ujumbe husika kuelekea kulia ili unukuliwe. "Sikubali" peke yake haieleweki. "Sikubali" chini ya "dhahabu ya Sofala, bandari ya Msumbiji, ilipitia Kilwa" inaeleweka, na mwenzake atadai sababu. Katibu wa kila kundi afunge mjadala kwa *HITIMISHO*, nyota zikilikoleza neno.

Simu zikipungua, wawili watumie moja, ila wabadilishane uchapaji kila hoja. Emoji? Ziacheni, hazisumbui.