Siku moja kwenye dawati la ukaguzi wa kampuni, Dar es Salaam

Saa 2:00 asubuhi. Faili la mteja mpya wa benki, kampuni inayotaka kufungua akaunti. Kwanza nasoma cheti cha usajili, si barua ya maombi. Kwenye barua watu huandika jina kwa mazoea: "(T)" ya Tanzania imerukwa, au jina la biashara limeitwa kampuni. Hilo la pili si dogo, maana jina la biashara halina wanahisa na deni lake ni la mwenyewe. Natafuta kwa namba ya usajili. Kampuni zenye "General Supplies" kwenye majina yao zimejaa tele.

Saa 2:40. BRELA, wakala wa usajili wa kampuni Tanzania Bara. Naomba upekuzi rasmi kwenye mfumo wa mtandaoni, napata namba ya malipo, nalipa. Mfumo huo ulianza Februari 2018, na kampuni za zamani zilitakiwa kuhuisha taarifa zao humo. Ambayo haikuhuisha huenda isionekane, ingawa cheti chake cha miaka ya tisini ni halali. Usiandike "haipo", mwambie mteja akahuishe. Tazama pia cheti kimetolewa wapi: kampuni ya Zanzibar husajiliwa BPRA, rejista nyingine kabisa.

Saa 4:00. Majibu yamekuja. Nalinganisha wakurugenzi na wanahisa waliomo kwenye rejista na azimio la bodi la kufungua akaunti. Hapa ndipo mafaili mengi hukwama: azimio limesainiwa na mkurugenzi ambaye rejista haimjui, kwa kuwa mabadiliko yalipitishwa kikaoni lakini hayakuwasilishwa. Mara nyingi ni uzembe wa katibu wa kampuni, si utapeli. Hata hivyo saini hiyo siipokei mpaka rejista ibadilike.

Saa 5:15. Mwanahisa mkubwa ni kampuni ya Nairobi. CR12, yaani hati ya msajili wa Kenya inayotaja wakurugenzi na wanahisa, aliyoleta mteja naiweka pembeni, naagiza mpya kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, kwa sababu PDF huhaririwa na CR12 ni hali ya siku iliyotolewa tu. Wamiliki manufaa, yaani watu halisi walio nyuma ya kampuni, namtaka mteja awatangaze kwa maandishi. Kenya inawahesabu kuanzia asilimia 10 ya hisa.

Saa 6:00. Juu ya kampuni ya Nairobi kuna mwanahisa wake, kampuni ya Uingereza. Kutafuta Companies House, rejista ya kampuni ya huko, ni bure. Namba ya kampuni ina tarakimu au herufi nane. Ukiibandika kwenye Excel sifuri ya mwanzo huliwa na utafutaji hurudi mtupu, basi irudishe. Kwa kigezo cha hisa, Uingereza humtaja mwenye zaidi ya asilimia 25 tu, kwa hiyo mwenye 15 asiye na udhibiti mwingine hatajwi kama mdhibiti na hajavunja sheria yoyote. Namtafuta kwenye orodha ya wanahisa. Taarifa ya uthibitisho, ambayo kampuni huiwasilisha kila mwaka, ya mwaka huu huweza kusema tu "hakuna mabadiliko", hivyo narudi nyuma, nyaraka moja baada ya nyingine, hata kwenye ile ya kuanzishwa.

Saa 8:00 mchana. Mwanahisa mwingine ni kampuni ya Dubai, sehemu inayochosha kuliko zote. Leseni inaweza kuwa ya mamlaka ya emirati au ya eneo huru kama DMCC au Jebel Ali, na kila moja ina njia yake ya kuhakiki. Leseni humtaja meneja. Meneja si lazima awe mmiliki. Naomba cheti cha hisa na katiba ya kampuni.

Saa 9:00. Majina yote yanapitishwa kwenye orodha za vikwazo za Umoja wa Mataifa, Marekani na Uingereza. Mohamed, Mohammed na Muhammad ni mtu mmoja mpaka tarehe ya kuzaliwa iwatenganishe. Companies House huonyesha mwezi na mwaka tu, kwa hiyo siku naitoa kwenye pasipoti.

Saa 10:30 jioni. Naandika rejista niliyopekua, namba, tarehe na saa, kisha nahifadhi PDF niliyoitoa mwenyewe. Barua kwa afisa wa tawi inataja nyaraka zinazodaiwa, basi. Kama kuna shaka ya fedha haramu, hiyo hupelekwa kwenye kitengo husika na haiandikwi kwenye barua ambayo mteja anaweza kuiona, kwani kumdokeza ni kosa la jinai.