Minazi Sebuleni: Kumbukumbu za Majira ya Baridi

Septemba, mwanzoni

Usiku umeanza kushuka hadi nyuzi 13. Mnazi nimeshauingiza, maana wenyewe hauna subira na baridi. Kwao ni pwani, ambako wastani wa joto ni kama nyuzi 27 mwaka mzima. Usiku wa chini ya nyuzi 15 ukifuatana, mizizi hulegea kabla makuti hayajaonyesha dalili yoyote. Ukija kuona rangi imebadilika juu, huko chini mambo yalishaharibika kitambo.

Mingine ya jamii yake ingali nje: kentia mbili (Howea forsteriana), mkindu, areka ya Madagaska (Dypsis lutescens) yenye mashina mengi, mkia wa samaki (Caryota mitis), na ule wa chupa wenye tumbo, Hyophorbe lagenicaulis, ambao asili yake ni Round Island, kisiwa kidogo kilicho karibu na Mauritius. Mkindu ungevumilia baridi kubwa kuliko hii. Kentia nazo zinatoka kisiwa cha Lord Howe, mashariki ya Australia, na nyuzi 10 haziwasumbui. Hata hivyo nataka yote iwe ndani kabla mfumo wa kupasha nyumba joto haujawashwa. Sasa hivi hewa ya ndani na ya nje bado zinafanana, kwa hiyo mmea unavuka kizingiti bila mshtuko. Ukingoja mpaka hita ziwake, unautoa kwenye umande na kuutia kwenye hewa kavu siku hiyohiyo.

Septemba, kuhamisha

Chungu cha lita 100 chenye udongo ulioloa kinazidi kilo 100 bila shida, hivyo niliacha kumwagilia siku kadhaa kabla. Makuti niliyakusanya kwa ukanda mpana wa kitambaa, nikianzia chini na kupanda juu kwa mzunguko, nikiyafuata yanakoelekea. Halafu kitoroli, mikanda, na mtu wa pili mwenye mgongo mzima.

Mlangoni chungu ndicho kinachotangulia. Makuti yakija nyuma, yanajilaza kuelekea yanakoota na yanapita. Yakitangulia, yanakwama kwenye fremu na kukunjwa kinyume, na kuti likishavunjika uti limekwisha. Kwa ule wa chupa jambo hili si dogo hata kidogo: hubeba makuti machache tu kwa wakati mmoja, hivyo kupoteza moja ni kupoteza sehemu kubwa ya chakula chake chote cha miezi ijayo.

Swali ninaloulizwa kila mara ni kwa nini nisiikate ilingane na dari. Haikatiki. Mnazi una moyo mmoja tu, kule juu kabisa, na kila kuti litakalowahi kuota linatoka hapo. Ukikata kilele umeua shina zima. Yenye mashina mengi ndiyo yenye nafuu: kwenye mkindu, areka na mkia wa samaki unaweza kuondoa shina refu kuliko yote kuanzia chini, na wadogo wake wakaendelea. Kentia iliyokwisha kugusa dari haina dawa ila kutafutiwa nyumba ndefu zaidi. Zangu zimebakiza kama sentimita 20, na kila kuti jipya nalitazama kwa furaha na kwa wasiwasi.

Oktoba

Kugawa vyumba. Hapa ndipo majira yote ya baridi yanapoamuliwa, kwa maoni yangu, kuliko mbolea au dawa yoyote.

Mmea unapumua usiku na mchana, na kupumua kunatumia sukari. Joto likipanda kwa nyuzi 10, matumizi hayo karibu yanaongezeka maradufu. Sukari yenyewe inatengenezwa kwa mwanga. Kwa hiyo mnazi uliowekwa kwenye chumba chenye joto na giza unakula akiba yake kila siku bila kuingiza kitu. Watu wengi hudhani wanaufadhili kwa kuuweka karibu na hita kwenye kona ya sebule, kumbe wanaulaza na njaa. Joto na mwanga lazima vipande pamoja au vishuke pamoja.

Historia ina nyumba mbili zinazoonyesha njia hizo mbili vizuri sana. Kule Versailles, Ufaransa, Jules Hardouin-Mansart alijenga kati ya 1684 na 1686 nyumba ya kuhifadhia michungwa ya mfalme. Haina moto wa kuipasha. Ina kuta nene na madirisha makubwa yanayoelekea kusini. Miti iliyo kwenye masanduku, mitende ya aina ngumu ikiwemo, huingizwa vuli na kutolewa wakati joto linaporudi. Ndani kuna ubaridi, mmea unalala, hauhitaji mwanga mwingi. Njia ya pili ni ile nyumba ya vioo kwenye bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, iliyojengwa kati ya 1844 na 1848: kioo kila upande, na moto wa kuipasha ndani. Humo mmea wa ikweta haulali, unaishi.

Nyumba yangu ina vyote viwili, nami nimeigawa hivyo. Ukumbi wa mbele hukaa nyuzi 13 hadi 16 na una dirisha moja: mkindu na kentia ziko huko. Chumba cha kusini, chenye joto, kimechukua mnazi, mkia wa samaki, wa chupa na areka, na taa zote ziko humo.

Desemba

Jua linachomoza saa mbili asubuhi na kufika saa kumi jioni limeshazama, na katikati mara nyingi ni wingu tupu. Jicho linadanganya sana hapa, kwa sababu linazoea giza, ilhali mmea hauzoei. Kipima mwanga kinasema ukweli: jua kali la kiangazi nje hufikia laksi (kipimo cha mwanga) 100,000, lakini ndani, mita mbili kutoka dirishani, siku ya mawingu ya Desemba, nilipata laksi mia tatu na kitu. Kwenye kioo penyewe zilikuwa elfu mbili na ushee. Hatua mbili za chumba zimekula karibu mwanga wote.

Basi taa za LED zinawaka saa 13 kwa siku, kwa taima, na zimening'inizwa karibu na makuti kadiri inavyowezekana bila kuyababua. Umbali una gharama kubwa: taa ndogo ukiisogeza mara mbili ya ilipokuwa, mwanga unaofika unabaki kama robo. Nimeona watu wananunua taa nzuri na kuifunga darini juu ya mmea mfupi, ikawa ya kuwafurahisha wao tu.

Hewa nayo. Hewa ya nje ya nyuzi 0 yenye unyevu wa asilimia 80, ikiingia ndani na kupashwa hadi nyuzi 21, unyevu wake unashuka hadi asilimia 20 hivi, ingawa hakuna tone lililoondoka. Hiyo ndiyo inayochoma ncha za majani. Kunyunyizia maji kwa chupa kunasaidia kwa dakika chache, basi. Nimeweka mashine ya unyevu kwenye chumba cha kusini na kipimo kinakaa kati ya asilimia 45 na 55. Sipandishi zaidi, kwa sababu kioo kinaanza kutiririka na pembe za ukuta zinaota ukungu.

Makuti yanayogusa kioo nimeyavuta nyuma kwa uzi. Usiku kioo kinakuwa baridi kuliko chumba, na alama za kahawia zinatokea palepale yalipogusa.

Januari

Utitiri umeingia kwenye areka. Kila mwaka naungojea mwezi huu, maana unapenda hewa kavu na yenye joto kama inavyotoka kwenye hita.

Kwa mbali kuti linaonekana limechujuka tu, kama lina vumbi. Ukiligeuza na kulitazama kwa kioo cha kukuzia, upande wa chini kando ya uti wa kila jani jembamba kuna vidoa vyeupe, kila kimoja ni tundu la mdudu aliyefyonza. Kati ya vidoa hivyo kuna nyuzi nyembamba za utando, na juu ya nyuzi vitu vidogo kuliko chembe ya chumvi vinatembea, vyenye madoa mawili meusi mgongoni. Kipimo cha haraka ni kukung'uta kuti juu ya karatasi nyeupe na kungoja kidogo: vumbi hutulia, utitiri hutembea.

Areka imepelekwa bafuni. Chungu nimekifunga mfuko wa plastiki hadi shingoni ili udongo usiloe, kisha maji ya vuguvugu, kila kuti, upande wa chini kwanza. Baada ya hapo sabuni ya potasiamu iliyoyeyushwa, majani yalowe hadi yachuruzike, na kusuuza. Sabuni inaua wanaotembea lakini mayai yanabaki, ndiyo maana narudia kila baada ya siku nne au tano mpaka karatasi nyeupe itulie. Mafuta ya mwarobaini yanafaa pia, ila taa zizimwe mpaka yakauke.

Wa chupa una vidung'ata wachache kwenye makunyanzi ya shingo. Hao nawatoa mmojammoja kwa pamba iliyochovywa kwenye spiriti.

Makuti mawili ya chini ya mkia wa samaki yamekuwa ya manjano na mkono unawasha kuyakata. Nayaacha. Mmea unapokosa potasiamu huivuta kutoka kwenye makuti ya zamani na kuipeleka kwa mapya. Ukiyakata yakiwa bado na rangi, unaupokonya akiba, na kesho utaona manjano yamepanda ngazi moja. Nakata kuti likishakauka kabisa, likawa kahawia hadi kwenye bua.

Februari

Mwezi wa kutokufanya mengi. Kazi yangu ni kijiti cha mbao na kalamu.

Kijiti nakichomeka hadi nusu ya kina cha chungu na kukiacha kidogo. Kikitoka na udongo umenata, simwagilii, hata kama juu pamekauka kabisa. Minazi mingi ya ndani hufa kwa mizizi iliyokaa kwenye udongo wa maji na wa baridi kwa pamoja, na juu inaonekana kama mmea wenye kiu, basi mwenyewe anaongeza maji. Nikimwagilia, maji yawe ya vuguvugu.

Kipimajoto cha udongo kilinifundisha mengi kuhusu sakafu. Chumba kinasoma nyuzi 22 usawa wa uso wangu, huku ndani ya chungu cha mnazi kilichokaa juu ya vigae nilisoma 16. Niliweka ubao mnene wa povu chini yake, juu ya ubao mkeka wa umeme wa kupasha joto, na udongo sasa unakaa nyuzi 23. Tangu hapo mnazi umesimama kwa namna nyingine kabisa.

Kalamu ni ya moyo. Katikati ya kila mmea kuna kuti changa ambalo bado limefumba, limesimama wima. Nachora mstari mmoja mwembamba unaopita kwenye kuti hilo na kwenye bua la jirani yake lililokwisha kukua. La jirani halisogei tena, kwa hiyo mistari ikiachana najua ni kiasi gani moyo umesukuma. Mnazi: milimita chache kwa wiki. Mkia wa samaki: zaidi kidogo. Kentia za ukumbini: hakuna, na ndivyo ninavyotaka, kwa sababu kuti linaloota gizani linatoka refu, jembamba, legelege. Nalivuta pia taratibu sana kwa vidole viwili. Likiwa imara, moyo ni mzima. Likitoka mkononi na chini yake kunanuka, kuna uozo, na hapo ni kukausha, kumimina haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ndani ya shimo na kungoja. Mwaka huu yote imekaa imara.

Aprili

Mistari inaachana haraka sasa. Mnazi umefungua kuti zima, la kijani iliyokolea. Nimeanza mbolea kwa nusu ya kipimo, yenye potasiamu nyingi pamoja na magnesiamu na manganizi. Kabla ya hapo nilipitisha maji mengi kwenye kila chungu mpaka yakatoka chini kwa muda, ili kuondoa chumvi iliyojikusanya tangu vuli.

Mei

Usiku umeshapita nyuzi 12 kwa uhakika, na mkindu na kentia ziko nje. Hazijawekwa juani. Makuti yaliyozoea mwanga wa ndani yanababuka kwa saa chache tu za jua la mchana, na doa jeupe la kubabuka halirudi kijani. Wiki ya kwanza ni kivuli kizima upande wa kaskazini wa nyumba, wiki ya pili jua la asubuhi, na kuanzia ya tatu mkindu unapewa jua lote. Kentia zitabaki kivulini kiangazi chote.

Mnazi utatoka Juni, pale udongo wa chungu utakaponisomea nyuzi 20 alfajiri. Areka inabadilishiwa chungu wiki ijayo: mizizi imeshaanza kukiinua kutoka chini, na joto la sasa linatosha kuiwezesha kushika udongo mpya kabla vuli haijafika.