Mwezi wa Saba Kumasi
Huu ni mwezi wa 7 kati ya miezi 24 nitakayotumikia Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho kama mmisionari hapa Ghana. Tunaamka saa 12:30 asubuhi, tunasali na kusoma maandiko, kisha mimi na mwenzangu, ambaye kwa kanuni hatuachani, tunashika njia kwa miguu. Jana bibi mmoja anayeuza ndizi za kuchoma na karanga alituvutia benchi kivulini, akatupa maji ya pakiti kabla hatujasema neno. Machozi yalinilengalenga, maana ndivyo mama anavyopokea wageni kule nyumbani Kitale, Kenya. Jumatatu, nikishafua mashati yangu meupe, humpigia simu ya video, nikamwona akichambua maharagwe, simu ameiegemeza kwenye sufuria.