Matembele tena?

Masika imekata jamani. Leo asubuhi nimetoka kufagia uwanja nikarudi ndani mbio kufata kitenge, kibaridi cha Juni kimeshaingia Dar. Watu wa Njombe najua mnacheka, ila huku kwetu upepo wa kusi ukianza tu kuvuma alfajiri watu tunatoa masweta kabatini.

Mwezi wa tatu nilikuwa na mchicha wangu bwana, ndoo nne za rangi zilizotoboka na viroba viwili. Mbegu nikachanganya na mchanga kwanza, mama ndo alinifundisha, maana ni vidogo mno vile ukimwaga na mkono zinarundikana sehemu moja alafu huku hamna kitu. Ukaota vizuri, nikaanza na kuringa, nikapiga na picha nikaweka status. Mvua zilivyochanganya wakaja konokono, yale makubwa kama ngumi. Usiku mmoja tu! Asubuhi nakuta vijiti vimesimama, na ute wao unang'aa ukutani. Jirani akaniambia zungushia majivu hawapiti, na kweli hawakupita, mpaka mvua iliponyesha jioni majivu yote yakaenda, na masika yenyewe ndo hiyo inanyesha kila siku sasa utamwaga majivu mangapi.

Matembele sasa. Hayo sikuyapanda hata kwa nia, nilinunua fungu sokoni, vile vikonyo vya marando vilivyokomaa nikaona navitupa bure nikavichomeka pembeni ya ukuta pale ninapomwaga maji ya kuoshea mchele. Sijaweka mbolea, sijapalilia. Saa hizi yametambaa mpaka mlangoni kwa choo, nakata leo kesho kutwa yamerudi, nimegawia majirani mpaka mmoja nahisi ananikwepa.

Napika ya nazi. Namenya ule uzi wa kwenye vikonyo (kazi ya kuchosha hiyo, fanya huku unaangalia tamthilia), nyanya na kitunguu, tui jepesi, likichemka naweka majani, na tui zito linaingia mwishoni kabisa huku nakoroga lisikatike. Sifuniki sufuria, ukifunika yanakuwa na rangi kama majani ya chai. Kwa ugali wa dona na dagaa wa kukaanga mi nakula wiki nzima.

Mwanangu ndo kagoma. Jana kaangalia sahani akasema "mama, tena?" Nikamwambia vumilia baba, Desemba maembe yanakuja, ule mdodo wa jirani tawi zima liko juu ya bati letu, usiku likidondoka moja nyumba yote inashtuka na asubuhi ni mbio nani kaamka wa kwanza. Akaanza kuhesabu miezi kwa vidole. Akafika sita akasukuma sahani.

Mchicha narudishia wiki hii, kiangazi konokono wanajifungia kwenye magamba yao. Jumamosi napunguza marando, wa Tabata anayetaka mbegu aje na mfuko wake.